Kanuni za bao la Kiswahili

Kanuni za bao la Kiswahili ni taratibu zinazoongoza mchezo wa bao unaochezwa Zanzibar, Tanzania Bara, pwani ya Kenya na sehemu nyingine za Afrika ya Mashariki. Mchezo huwa na wachezaji wawili, ubao mmoja wenye mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji hujaribu kula kete za mwenzake mpaka safu yake ya mbele ibaki tupu au akose pa kuchezea.

Bao la Kiswahili huhesabiwa miongoni mwa michezo migumu kuliko yote ya jamii ya mankala, yaani michezo ya kugawa kete katika mashimo. Kanuni zake zimepokelewa kwa mdomo kutoka kwa wachezaji wazima kwenda kwa vijana. Hakuna kampuni au ofisi inayoumiliki mchezo huu wala inayotoa matoleo mapya ya kanuni zake. Kwa sababu hiyo namna ya kuchezwa hutofautiana kidogo kutoka mahali hadi mahali, na wachezaji wanaokutana kwa mara ya kwanza hupaswa kukubaliana kabla ya kuanza.

Jina na uenezi

Neno "bao" linatokana na ubao unaochezewa. Katika Kiswahili neno hilo lina maana nyingine pia, kama vile alama ya ushindi katika mpira wa miguu, na "kupiga bao" huweza kumaanisha kupiga ramli. Ili kutofautisha, mchezo wenye kanuni kamili huitwa "bao la Kiswahili", na ule mwepesi wa wanaoanza huitwa "bao la kujifunza".

Mchezo una ndugu wengi. Nchini Malawi huchezwa bawo, ambao unafanana sana na bao la Kiswahili. Waganda wana omweso, na Wanyarwanda wana igisoro, yote miwili ikiwa na safu nne za mashimo. Nchini Oman, yenye uhusiano wa karne nyingi na Zanzibar, kuna mchezo wa safu nne uitwao hawalis. Katika sehemu nyingine za dunia mankala nyingi zina safu mbili tu.

Ubao

Ubao wa bao una safu nne, na kila safu ina mashimo manane. Safu mbili zilizo karibu na mchezaji ni zake, hivyo kila mmoja anamiliki mashimo 16. Safu ya ndani, inayoelekeana na ya mpinzani, huitwa safu ya mbele. Safu iliyo karibu na kifua cha mchezaji ni safu ya nyuma. Kete za mchezaji haziingii kamwe katika mashimo ya mwenzake. Huzunguka katika safu zake mbili tu.

Baadhi ya mashimo ya safu ya mbele yana majina na kazi maalumu:

Kichwa ni shimo la mwisho la safu ya mbele, upande wa kushoto na upande wa kulia. Kila mchezaji ana vichwa viwili.

Kimbi ni shimo linalofuata kichwa. Jina hili wakati mwingine hutumika kwa kichwa na jirani yake kwa pamoja, kwa kuwa kanuni ya kula katika mashimo hayo mawili ni moja.

Nyumba ni shimo la tano ukihesabu kutoka kushoto kwa mchezaji. Mafundi seremala wengi hulichonga kwa umbo la mraba ili lijulikane mara moja, wakati mashimo mengine ni ya mviringo.

Mashimo ya safu ya mbele yanaweza kupewa namba 1 hadi 8 kutoka kushoto kwa kila mchezaji. Kwa kuwa wachezaji wanaelekeana, shimo la 1 la mmoja linatazamana na shimo la 8 la mwingine, la 2 na la 7, la 3 na la 6, na la 4 na la 5. Jumla ya namba za mashimo yanayotazamana ni 9 daima. Kwa hiyo nyumba za wachezaji hazitazamani: nyumba ya kila mmoja inatazamana na shimo la 4 la mwenzake.

Kete

Kete za asili ni komwe, yaani mbegu za mkomwe, mmea wa pwani wenye miba ambao jina lake la kisayansi ni Guilandina bonduc (zamani Caesalpinia bonduc). Mbegu hizo ni za rangi ya kijivu, ngumu, laini juu na zinakaa vizuri kiganjani. Huelea majini na kuchukuliwa na bahari, ndiyo maana mmea huo umeenea katika fukwe nyingi za nchi za joto.

Mahali ambapo komwe hazipatikani, watu hutumia vijiwe, gololi au mbegu za miti mingine. Seti zinazouzwa kwa watalii mara nyingi huja na gololi za kioo. Mabadiliko haya hayagusi kanuni. Kete zote 64 ni sawa. Hakuna mfalme wala askari, na hakuna rangi ya huyu na ya yule. Kete iliyoliwa huhamia upande wa aliyeila na kuanza kumtumikia hapohapo. Katika bao chenye cheo ni shimo, si kete.

Hata hivyo kete ina umuhimu wa kiutendaji. Mchezaji hodari hugawa kete kwa kasi na kwa mkono mmoja, na mlio wa komwe juu ya mbao huwasaidia yeye na watazamaji kufuata hesabu. Kete nyepesi mno huruka nje ya shimo, na zikiwa kubwa mno, nyumba yenye kete nyingi hufurika.

Mpangilio wa kuanzia

Kila mchezaji ana kete 32. Huweka kete 6 katika nyumba, kete 2 katika shimo la 6 na kete 2 katika shimo la 7. Kete 22 zilizobaki hukaa nje ya mashimo kama akiba. Mashimo mengine yote huwa matupu mwanzoni.

Mchezo una hatua mbili. Ya kwanza ni kunamua, ambapo kila zamu mchezaji hutia ubaoni kete moja kutoka akiba. Akiba zikiisha kwa wote wawili huanza hatua ya pili, iitwayo mtaji, ambapo mchezaji hutumia kete zilizomo ubaoni tu.

Hatua ya kunamua

Mchezaji hutia kete moja katika shimo lake la mbele ambalo tayari lina kete. Ikiwa shimo la mpinzani linalotazamana nalo lina kete pia, mchezaji hula kete zote za shimo hilo la mpinzani. Kula ni lazima: mwenye nafasi ya kula haruhusiwi kuikwepa, ingawa akiwa na nafasi zaidi ya moja anachagua anayoitaka.

Kete zilizoliwa hugawanywa moja moja katika safu ya mbele ya mlaji, kuanzia kwenye kichwa. Kama amekula akiwa katika kichwa au kimbi, lazima aanzie kichwa kilicho karibu. Kama amekula katikati, anachagua kichwa cha kushoto au cha kulia. Akiendelea kula katika zamu hiyohiyo, hudumisha mwelekeo aliokuwa nao, isipokuwa kula kwake kwingine kutokee katika kichwa au kimbi cha upande mwingine.

Kete ya mwisho ndiyo inayoamua kinachofuata:

Ikianguka katika shimo tupu, zamu imekwisha. Husemwa mchezaji "amelala".

Ikianguka katika shimo la mbele lenye kete, na shimo la mpinzani linalotazamana nalo lina kete, mchezaji hula tena.

Ikianguka katika shimo lenye kete lakini hakuna cha kula, mchezaji huchukua kete zote za shimo hilo na kuendelea kuzigawa kuanzia shimo linalofuata, kwa mwelekeo uleule.

Zamu moja inaweza kuwa fupi ya kete moja au ndefu ya mizunguko kadhaa. Ugumu wa bao unaanzia hapa, kwa sababu anayetaka kujua matokeo ya zamu ndefu anapaswa kuihesabu yote kichwani kabla ya kugusa kete.

Mfano wa ufunguzi

Katika mpangilio wa kuanzia, mashimo 5, 6 na 7 ya kila mchezaji yanatazamana na mashimo matupu. Kwa hiyo anayeanza hawezi kula. Tuseme anatia kete katika shimo la 6, ambalo sasa lina kete 3, na kuzigawa kuelekea kushoto: moja katika nyumba (inakuwa na 7), moja katika shimo la 4, na ya mwisho katika shimo la 3. Shimo hilo lilikuwa tupu, hivyo analala.

Sasa shimo lake la 4 lenye kete 1 linatazamana na nyumba ya mpinzani yenye kete 6, na shimo lake la 3 linatazamana na kete 2. Mpinzani asipochukua hatua atapoteza nyumba nzima. Anaweza kula kete iliyo katika shimo la 3 au ile iliyo katika shimo la 4. Akila ya shimo la 3, ataiacha nyumba yake hatarini. Kwa hiyo anatia kete katika nyumba yake (inakuwa na 7), anakula kete 1 ya shimo la 4, na kuiweka katika kichwa chake cha kulia. Kichwa kilikuwa tupu, analala.

Mchezaji wa kwanza anatia kete katika shimo la 3 na kula kete 2 za mpinzani zilizo mbele yake. Akianzia kichwa cha kulia, anaweka moja katika shimo la 8 na moja katika shimo la 7, ambalo linafikia kete 3. Mbele yake hakuna cha kula, basi anazichukua zote tatu na kuendelea: moja shimo la 6, moja nyumba (sasa ina 8), na ya mwisho shimo la 4, ambalo ni tupu tangu lilipoliwa. Analala, lakini amerudisha tishio lake: shimo la 4 linaitazama tena nyumba ya mpinzani. Mpinzani naye hana nafasi nyingine ya kula isipokuwa hiyo, na kwa kuwa kula ni lazima, zamu yake imeshaamuliwa kabla hajanyoosha mkono.

Mfano huu mfupi unaonyesha kwa nini wachezaji wazuri hawahesabu kete walizokula tu. Kumlazimisha mpinzani kula mahali usipomdhuru ni silaha sawa na kula kwenyewe.

Nyumba

Nyumba ina haki ambazo shimo jingine halina. Katika hatua ya kunamua, ikiwa kete ya mwisho ya zamu ya kula inaanguka katika nyumba ya mchezaji mwenyewe, nyumba ina angalau kete 6, na hakuna cha kula mbele yake, mchezaji ana hiari. Anaweza kulala hapo na kuiacha nyumba ikue, au anaweza kuzichukua kete zote na kwenda "safari".

Safari hufanywa mara moja tu. Nyumba ikishavunjwa, iwe kwa safari au kwa kuliwa na mpinzani, inakuwa shimo la kawaida mpaka mwisho wa mchezo. Kwa hiyo uamuzi wa kwenda safari ndio uamuzi mzito kuliko yote katika nusu ya kwanza ya mchezo. Anayesafiri mapema hupata kete nyingi za kutapanya lakini hupoteza mahali pa kulala. Anayechelewa huwa na hazina kubwa mahali pamoja, na mpinzani anayefanikiwa kuila huwa karibu ameshinda.

Ikitokea katika kunamua kwamba mchezaji hawezi kula, na shimo pekee lenye kete katika safu yake ya mbele ni nyumba, halazimiki kuivunja. Hutia kete yake humo, kisha huchukua kete 2 tu na kuzigawa kushoto au kulia.

Hatua ya mtaji

Akiba zikiisha, mchezaji huanza zamu kwa kuchukua kete zote za shimo lake moja, la mbele au la nyuma, na kuzigawa kwa mwelekeo anaoutaka. Shimo la kuanzia lazima liwe na kete 2 au zaidi. Ikiwa kete ya mwisho inaangukia shimo la mbele lenye kete na linalotazamana na kete za mpinzani, mchezaji hula, na zamu huendelea kama katika kunamua. Nafasi hiyo ya kula ndiyo inayoitwa mtaji, kwa neno lilelile la fedha anayoanzia mfanyabiashara.

Shimo lenye kete zaidi ya 15 haliruhusiwi kuanzisha kula. Mchezaji ana mashimo 16, hivyo kete 16 zingemaliza mzunguko mzima na kurudi zilikotoka.

Kutakata na kutakasia

Zamu isiyoanza kwa kula huitwa takata. Mchezaji anayetakata hugawa kete zake bila kula chochote mpaka alale, hata kama kete ya mwisho ya mgawanyo fulani inaangukia mahali ambapo angeweza kula. Katika hatua ya mtaji, kutakata huanzia safu ya mbele ikiwa kuna shimo la mbele lenye kete 2 au zaidi. Likikosekana ndipo huanzia safu ya nyuma.

Kutakasia ni kanuni inayowasumbua sana wanafunzi wa bao. Inahusu hali hii: mchezaji ametakata, mpinzani wake naye hana cha kula, na kuna shimo moja tu la mpinzani litakaloweza kuliwa katika zamu ijayo. Shimo hilo limetakasiwa, na mpinzani haruhusiwi kutakata kwa kuanzia hapo ili kuziokoa kete zake. Zipo hali ambazo shimo haliwezi kutakasiwa: likiwa ni nyumba ambayo haijavunjwa, likiwa ndilo pekee lenye kete katika safu ya mbele, au likiwa ndilo pekee la mbele lenye kete zaidi ya moja.

Kwa mchezaji mgeni kanuni hii huonekana kama dhulma, kwani inamzuia mtu kukimbia hatari anayoiona. Kazi yake ni kuzawadia maandalizi. Bila kutakasia, kila tishio lingekwepwa kwa kuhamisha kete, na mchezo ungeweza kuzunguka muda mrefu bila mshindi.

Kushinda

Mchezaji hushinda pale safu ya mbele ya mpinzani inapokuwa tupu, hata kama safu ya nyuma imejaa kete. Hushinda pia mpinzani anapokosa kabisa zamu halali. Mtu anaweza kushindwa hata wakati wa hatua ya kunamua, akiwa bado na akiba. Ushindi wa namna hiyo huitwa "mkononi" na ni fedheha kwa aliyefungwa, kwa kuwa kete zake nyingine hazikupata hata kuingia ubaoni.

Bao la kujifunza

Katika bao la kujifunza kila shimo kati ya yote 32 huwekwa kete 2 tangu mwanzo, na hakuna akiba. Hivyo hakuna hatua ya kunamua wala haki za nyumba; mchezo huanza moja kwa moja na mtaji. Watoto hujifunza humo kugawa kete kwa kasi, kutambua mwelekeo na kuona nafasi za kula. Wakishazoea, huongezewa nyumba, akiba na kutakasia. Mabadiliko ya kanuni katika bao humjia mtu mmoja mmoja kwa njia hii: hatoki toleo moja kwenda jingine kwa sababu limechapishwa, bali kwa sababu waliomtangulia wamemwona yuko tayari.

Tofauti na makubaliano

Kwa kuwa mafunzo hufanyika barazani, tofauti ndogo huzuka. Zinazoleta mabishano zaidi zinahusu kutakasia na hali za pekee za nyumba. Mambo haya hutokea mara chache katika mchezo mmoja, lakini yakitokea huamua mshindi. Katika mchezo wa kirafiki neno la mchezaji mkubwa aliyepo hutosha. Katika mashindano yanayokutanisha watu wa Unguja, Pemba, Bara au Lamu, jambo hilo halitoshi, kwani kila upande una wakubwa wake. Desturi iliyo salama ni kutaja kanuni zenye utata kabla ya kete ya kwanza kutiwa, na kumteua mwamuzi anayekubalika na wote.

Kuandikwa kwa kanuni

Kuanzia karne ya 20 watafiti mbalimbali walijaribu kuandika kanuni za bao. Kazi iliyojulikana sana ni ya Mholanzi Alexander de Voogt, aliyefanya utafiti miongoni mwa mabingwa wa Zanzibar na kuchapisha tasnifu yake mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Leiden. Alichunguza jinsi mabingwa wanavyoweza kuhesabu zamu ndefu kichwani, jambo lililoufanya mchezo uwavutie pia wanasaikolojia wanaochunguza kumbukumbu na fikra za binadamu.

Mwaka 2002 Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, waliandika kuhusu kutengeneza programu ya kompyuta inayocheza bao. Kazi ya namna hiyo hudai kanuni ziandikwe bila pengo lolote, kwa sababu kompyuta haiwezi kumgeukia mzee aliye barazani na kumuuliza. Faida yake ni kwamba mtu aliye mbali na pwani anaweza kujifunza mchezo kwa usahihi. Hatari yake ni kwamba namna moja ya kucheza, ile iliyobahatika kuandikwa, inaweza kuchukuliwa kuwa ndiyo pekee iliyo sahihi.

Ulinganisho na michezo ya vita ya mezani

Bao mara nyingi hulinganishwa na sataranji kwa sababu yote miwili ni michezo ya akili isiyotegemea bahati. Kwa upande wa kanuni, ulinganisho mwingine unaofaa ni ule wa michezo ya vita ya mezani iliyokua Ulaya. Mwaka 1824 afisa wa Prussia Georg von Reisswitz alitoa kanuni za mchezo wa kuwafunza maafisa wa jeshi. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu Little Wars, chenye kanuni za kupiganisha askari wa kuchezea. Mwaka 1987 kampuni ya Uingereza ya Games Workshop ilitoa Warhammer 40,000, mchezo wa sanamu ndogo zinazopakwa rangi na wachezaji wenyewe, ambapo matokeo ya mapigano huamuliwa kwa kutupa dadu.

Michezo ya namna hii huendelea kwa matoleo. Toleo la kumi la Warhammer 40,000 lilitoka mwaka 2023 pamoja na seti iitwayo Leviathan yenye sanamu 72, na kanuni zilifupishwa ili kila kikosi kiwe na maelezo yake katika karatasi moja. Kila toleo jipya huweza kuongeza au kupunguza nguvu za sanamu ambazo mchezaji amekwisha kununua, na aliyebaki na kitabu cha zamani hulazimika kutafuta wenzake wa kucheza nao kwa kanuni za zamani.

Bao liko upande wa pili. Kete mpya haziwezi kuongeza nguvu, na ubao uliochongwa na babu hautapitwa na wakati. Lakini usalama huo una gharama yake. Mchezo wenye mchapishaji hupata mtu wa kuamua penye utata na mtu wa kuutangaza. Bao halina mtu huyo. Kanuni zake zinaendelea kuwepo kwa kadiri ya watu wanaozicheza, na kanuni ngumu kama kutakasia ndizo za mwanzo kusahaulika mahali ambapo wachezaji wazuri wamepungua.

Bao katika jamii

Unguja, bao huchezwa hasa jioni, baada ya kazi na baina ya sala, kwenye mabaraza ya Mji Mkongwe, Ng'ambo na vijiji vya shamba na pwani, kuanzia Chukwani hadi Nungwi. Watazamaji ni sehemu ya mchezo. Huzunguka ubao, husifu zamu nzuri na huwakejeli wanaokosea. Mchezaji wa daraja la juu huitwa bingwa au fundi.

Mchezo ulipendwa pia na viongozi. Mwalimu Julius Nyerere alijulikana kuwa mpenzi wa bao. Rais wa kwanza wa Zanzibar, Sheikh Abeid Amani Karume, alipigwa risasi na kuuawa tarehe 7 Aprili 1972 katika makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi Party, Kisiwandui, alipokuwa akicheza bao.

Bara na Zanzibar kumekuwa na vyama vya bao vinavyoandaa mashindano. Nchini Kenya, mashindano ya bao ni sehemu ya tamasha la utamaduni la Lamu, pamoja na mbio za punda na za majahazi.

Hali ya sasa

Barazani bao linashindana na dhumna, karata, drafti na keram, michezo ambayo mgeni anaweza kujifunza kwa jioni moja, na siku hizi linashindana pia na simu. Wakati huohuo mbao za bao zinauzwa kwa wingi katika maduka ya kumbukumbu ya Mji Mkongwe. Nyingi kati yake huchongwa kwa ajili ya pambo, na baadhi hazina nyumba ya mraba wala idadi sahihi ya mashimo, hivyo bao la Kiswahili haliwezi kuchezwa juu yake bila marekebisho.

Mwaka 2020 shirika la UNESCO liliingiza michezo ya jamii ya mankala ya Kazakhstan, Kirgizia na Uturuki katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Uandikishaji huo ulihusu nchi hizo tatu na michezo yao, si bao la Afrika ya Mashariki.

Kwa wanaotaka kuufundisha mchezo skulini au nyumbani, vifaa si tatizo. Mashimo 32 yanaweza kuchimbwa mchangani na kete zikaokotwa ufukweni. Kinachohitaji kurithishwa kwa uangalifu ni kanuni, kwa utaratibu uliozoeleka: kwanza kugawa na kula, kisha akiba na nyumba, na mwisho kutakata na kutakasia.